Paa ambalo Baba alilisikia kwenye redio

Kila tarehe 24 Desemba, inapokaribia saa kumi na mbili jioni, Baba alikuwa akizima feni. Redio yetu ilikuwa ya betri, sauti yake ndogo, na feni ilikuwa na kelele. Akishaizima tulikaa kimya sebuleni kwetu Mkunazini, Unguja, jasho likitutoka, tukisubiri idhaa ya Kiingereza ya BBC. Kwanza kulikuwa na ukimya, kisha mtoto mmoja wa kiume akaanza kuimba peke yake, bila kinanda, bila mwenzake. Ubeti wa kwanza wote ulikuwa wake. Ubeti wa pili kwaya ikaingia.

Baba hakuwa mtu wa Kiingereza. Alikuwa muashi, fundi wa mawe na chokaa, na miaka mingi ya maisha yake aliimalizia kwenye kuta za Mji Mkongwe, akiziba nyufa na kurudishia plasta iliyobanduka. Mwaka mmoja, mtoto wa redioni alipomaliza mstari wake, Baba aliinua kidole.

"Umesikia? Kanyamaza, lakini sauti bado inatembea. Hilo si paa la mabati, wala si la mbao. Hilo ni jiwe, tena liko juu sana."

Wakati huo sikujua kwamba mtoto yule alikuwa akiimba katika kanisa la King's College, chuo kimoja miongoni mwa vyuo vinavyounda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Sikujua pia kwamba ibada ile ya Krismasi ilianza mkesha wa Krismasi wa mwaka 1918, wiki sita tu baada ya vita kuu kumalizika, na kwamba aliyeianzisha, Eric Milner-White, alikuwa ametoka kuwa kasisi wa wanajeshi. Ilirushwa redioni mara ya kwanza mwaka 1928. Mtoto wa kuimba ubeti wa kwanza huwa hajui kama ndiye atakayechaguliwa mpaka dakika ya mwisho. Kiongozi wa kwaya humwonyesha kwa kidole, basi, naye hufungua kinywa dunia nzima ikimsikiliza.

Siku hizi ninaishi Peterborough, mwendo wa treni usiofika saa moja kutoka Cambridge, na hata hivyo ilinichukua miaka miwili kwenda. Nilikuwa naogopa, nadhani. Kitu ulichokipenda utotoni kwa masikio tu unaogopa kukiona kwa macho. Nilikwenda siku ya kazi, mwezi wa Novemba, kwa ajili ya Sala ya Jioni. Mchana watalii hulipa kiingilio, ila kusali ni bure. Unapanga foleni nje, baridi inakula vidole, mlango unafunguliwa, unaingia.

Niliinua uso, na kwa muda nikasahau hata kusogea. Mama mmoja nyuma yangu ilibidi anipite kwa upande.

Wasiowahi kuliona, chukueni upepeo wa ukili, ule wa kupepelea mkaa, muusimamishe ukutani mpini ukiwa chini. Chukueni mwingine muusimamishe ukuta wa pili, uelekeane nao. Zifanyeni mbavu zake ziwe za jiwe, ziachane kidogo kidogo kadiri zinavyopanda, mpaka pepeo hizo mbili zikutane juu kabisa, katikati ya chumba. Rudieni hivyo kutoka mlangoni hadi madhabahuni, mita 88. Hakuna nguzo hata moja katikati. Upana kutoka ukuta hadi ukuta ni mita 12, na kutoka sakafuni hadi juu ni mita 24. Duniani hakuna paa jingine la mtindo huu linalolifikia kwa ukubwa.

Mita 12! Mtu aliyelelewa Unguja anaielewa vizuri namba hiyo. Nyumba zetu za zamani zina vyumba virefu vyembamba, na sababu yake si mila wala adabu peke yake. Sababu ni boriti. Boriti ya mkoko ina urefu wake, ikizidi mita tatu inaanza kupinda, kwa hiyo chumba kinafuata boriti. Baba alikuwa akisema kwamba nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa na mkoko, muashi anakwenda kujaza tu. Sasa hapa nimesimama chini ya paa lenye upana wa vyumba vinne vya kwetu, halina boriti inayolishika, halina chuma, na sehemu zake nyembamba zina unene wa sentimita 10 hivi. Katikati kabisa, pepeo zinapokutana, pananing'inia vifundo vikubwa vya mawe yaliyochongwa, kimoja kimoja kikiwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Navyo ndivyo vinavyolikaza paa. Uzito wao unasukuma mawe ya pembeni, mawe ya pembeni yanasukuma ukuta, na ukuta ungetoka nje kama isingekuwa viegemeo vikubwa vya mawe vilivyoshindiliwa upande wa nje. Katikati ya kiegemeo na kiegemeo wakajenga vikanisa vidogo, nafasi isipotee.

Juu yake liko paa la pili, la mbao na madini ya risasi. Hilo ndilo linalozuia mvua. Mwaka 2023, baada ya kubadilisha yale mabamba ya risasi, wakaweka juu paneli za umeme wa jua 438. Ukiwa chini huzioni.

Hadithi ya jengo lenyewe inaanzia kwa mfalme ambaye hakuwa na bahati. Henry VI alirithi kiti cha enzi mwaka 1422, akiwa na umri wa miezi tisa. Alikua akipenda sala na vitabu kuliko upanga, na wakati ule mfalme wa namna hiyo alikuwa hatarini. Mwaka 1440 alianzisha shule ya Eton. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 19, akaanzisha chuo Cambridge kwa ajili ya mkuu mmoja na wanafunzi 12 maskini, akakiweka chini ya Bikira Maria na Mtakatifu Nikolao, kwa kuwa alizaliwa siku ya Mtakatifu Nikolao. Muda si muda mpango ukavimba. Wanafunzi wakawa 70, wote watoke Eton, na kanisa liwe kubwa lisilo na mfano. Fedha nyingi zilitokana na ardhi za monasteri za Kifaransa zilizokuwa zimetwaliwa na wafalme wa Uingereza.

Na uwanja? Uwanja ulikuwa mji. Ule uwanja wa majani laini ambao watalii wanaupiga picha, na ambao mpaka leo haukanyagwi na yeyote ila walimu wa chuo na wageni wao, ulikuwa mtaa wa watu. Palikuwa na nyumba na maduka, gati za mto, barabara iliyoitwa Milne Street, hata kanisa la parokia, St John Zachary. Vyote vikavunjwa. Sisi tuna neno letu, bomoabomoa, na nilipokuwa nikisoma habari hizi neno hilo halikuondoka kichwani. Najua X nyekundu inavyoonekana asubuhi kwenye ukuta wa nyumba ya mtu. Jengo hili ninalipenda, nalisema wazi. Lakini nikisimama pale sokoni, upande wa pili wa barabara, ninawafikiria pia waliofungasha vyombo vyao katika miaka ya 1440 wapishe mfalme asali.

Tarehe 25 Julai 1446 Henry aliliweka jiwe la kwanza kwa mkono wake. Fundi mkuu alikuwa Reginald Ely. Jiwe lilitoka Yorkshire, kaskazini, jiwe la chokaa jeupe karibu kama maziwa. Mfalme aliandika maagizo yake kwa kirefu, akitaja urefu na upana wa kila kitu, akaagiza pia kitu ambacho mimi kimenigusa kuliko vyote: kanisa liwe kubwa na imara, lakini lisiwe na nakshi nyingi za kupita kiasi.

Kisha ikaja vita ya koo mbili za kifalme, Lancaster na York. Machi 1461 Henry akaondolewa madarakani. Habari zilipofika Cambridge, mafundi wakaweka vyombo chini wakaenda zao. Inasimuliwa kwamba jiwe moja liliachwa likiwa limekatwa nusu, likakaa hapo miaka zaidi ya 260, mpaka mwaka 1724 lilipotumiwa kuwa jiwe la msingi la jengo la jirani. Henry mwenyewe aliuawa katika Mnara wa London mwezi Mei 1471. Hadi leo, kila mwaka, watu wa Eton hupeleka mayungiyungi na watu wa King's mawaridi, wakayaweke pale alipofia.

Mahali kazi iliposimama panaonekana. Hili ndilo nililotamani Baba alione kuliko hata paa. Nilitoka nje, nikauzunguka ukuta taratibu. Chini jiwe ni lile jeupe la Yorkshire. Ghafla linaisha, na juu yake linaanza jiwe jingine, lenye rangi ya siagi iliyokaa juani, kwa sababu ujenzi uliporudi kushika kasi walinunua jiwe la karibu zaidi, kutoka Weldon, Northamptonshire. Mpaka wa rangi hizo mbili haukunyooka. Upande wa mashariki jeupe limepanda juu, kwa sababu walianza kujenga huko, upande wa madhabahu, na kadiri unavyokwenda magharibi linashuka. Nilipaona mahali panapofikika kwa mkono, nikavua glavu. Jeupe lilikuwa laini, baridi kama sahani. Upande wa rangi ya siagi una chembechembe zinazokwaruza kidogo, kama mchanga uliogandishwa. Katikati ya mawe hayo mawili pana unene wa kiungo cha chokaa, hauzidi kidole, na ndani ya kidole hicho imekaa vita nzima.

Edward IV, mshindi, hakutoa cha maana. Richard III akasukuma kazi kidogo, kisha naye akauawa vitani mwaka 1485. Jengo likakaa, nusu limeezekwa, nusu liko wazi, zaidi ya miaka 20. Ndipo Henry VII alipotembelea chuo mwaka 1506, na mwaka 1508 akatoa fedha. Pauni 5,000 zililetwa ndani ya sanduku la chuma na mbao, na sanduku hilo wangali nalo. Mwaka uliofuata akafa. Waliosimamia wosia wake wakaongeza fedha nyingine.

Fedha ya Henry VII haikuwa sadaka tupu. Familia yake, akina Tudor, ilikuwa changa kwenye enzi, na iliona faida ya kuonekana mrithi wa yule mfalme mcha Mungu. Ingieni kwa mlango wa magharibi mtaona. Kuta zimejaa mawaridi ya mawe, mageti ya ngome, mbwa na mazimwi wameshika ngao, taji juu ya taji, makubwa kupita kichwa cha mtu. Yamechongwa kwa ustadi wa ajabu, lakini ni matangazo. Kisha tembeeni hadi upande wa mashariki, kwenye sehemu iliyojengwa wakati wa Henry VI mwenyewe. Ukuta umetulia, hauna kitu. Aliomba lisiwe na nakshi nyingi, na pale alipojenga yeye ombi lake limeheshimiwa.

Hata paa hilo ninalolisifu hakulipanga yeye. Nguzo za mwanzo zilichongwa zibebe paa la mtindo mwingine. Pepeo ni kazi ya John Wastell, fundi aliyeingia mkataba mwaka 1512. Kanisa lina mapana 12 kati ya nguzo na nguzo, na kwa kila pana moja alilipwa pauni 100. Jumla pauni 1,200, muda miaka mitatu, na mwaka 1515 limekwisha. Miaka 69 imepita tangu jiwe la kwanza. Jina la Wastell silioni likitajwa kwenye picha ambazo watu wanaweka mitandaoni wakiwa chini ya paa lake, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu ninajua nyumba ngapi za mjini kwetu zimesimama kwa mikono ya Baba na hakuna anayelijua jina lake.

Madirisha yalimchukua Henry VIII mpaka 1531. Vioo vya rangi, vimetiwa na mafundi wengi wao kutoka Flanders, vinasimulia Biblia: juu Agano la Kale, chini Agano Jipya, ili mtu alinganishe. Yalinusurika wakati Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, walipokuwa wakivunja sanamu makanisani katika miaka ya 1640, na askari wa Cromwell, jemadari wa upande wao, walipofanyia gwaride humu ndani. Vita ya pili ya dunia ilipoanza mengi yakateremshwa kipande kipande yakafichwa. Dirisha kubwa la magharibi pekee ndilo la baadaye, la 1879.

Katikati ya kanisa kuna ukuta wa mbao ya mwaloni unaobeba kinanda. Ulichongwa kati ya 1532 na 1536, wakati Henry VIII akiwa na Anne Boleyn, mke wake wa pili, na herufi zao zimefumwa pamoja kwenye mbao, H na A. Mei 1536 akamkata kichwa. Herufi zikabaki.

Kuhusu picha ya mchoraji Rubens iliyo nyuma ya madhabahu, ya mwaka 1634, iliyotolewa zawadi kwa chuo mwaka 1961, nitasema machache. Ni picha nzuri sana ya Mamajusi. Lakini ilichorwa kwa ajili ya nyumba ya watawa huko Louvain, na ili iingie hapa bila kuziba dirisha ilibidi sakafu ya madhabahuni ishushwe. Mimi nisingeshusha sakafu.

Kikanisa kimoja cha pembeni kilinizuia muda mrefu. Ni cha ukumbusho wa watu wa chuo waliokufa katika vita ya 1914 hadi 1918, majina yao yamechongwa ukutani kwa orodha. Kisha, peke yake, mbali na wengine, kuna jina la Ferenc Békássy. Alikuwa Mhungaria, amesoma hapa. Vita ilipotangazwa alirudi kwao, akafa mwaka 1915 akipigana upande wa Austria na Hungaria, yaani upande wa adui. Chuo kimeliandika jina lake kanisani, ila kwenye ukuta wake. Nilisimama nikilitazama jina lile na ile nafasi tupu inayolizunguka.

Nilipotoka nilikwenda hatua chache tu kaskazini, mpaka kwenye uzio wa chuma wa Senate House, jengo la chuo kikuu lenye nguzo nyeupe. Humo ndani, tarehe 4 Desemba 1857, David Livingstone aliwahutubia wanafunzi na walimu wa Cambridge. Aliwaambia anarudi Afrika kufungua njia ya biashara na ya Ukristo, akawaachia wao kazi aliyoianza. Kutokana na hotuba ile ikaundwa misheni ya vyuo vikuu, ambayo wazee wetu wanaijua kwa herufi zake, UMCA. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, mtu wa Cambridge, alifariki kwa homa bonde la Shire mwanzoni mwa 1862. Aliyemfuata, Tozer, akaihamishia misheni Unguja mwaka 1864. Alifuatana na Edward Steere, ambaye alikaa na wenyeji akiandika hadithi zao na sarufi ya Kiunguja, ikatoka kitabu mwaka 1870. Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, misheni ikapata uwanja ule, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la kwanza la kanisa kuu.

Ndilo kanisa nililobatizwa. Maneno yale ya biashara na dini yalifungua pia njia ya bendera na bunduki, na sitaki kulipitia hilo kimyakimya. Wala siwezi kukataa kwamba njia mojawapo ya mimi kuwepo hapa inaanzia kwenye chumba kile, ambacho ukirusha jiwe kutoka kanisani linakifikia.

Steere naye alikataa boriti. Paa la Mkunazini ni tao refu la zege, la matumbawe yaliyopondwa na saruji, na watu wa mjini walisema litaanguka. Baba aliwahi kupanda juu yake kuziba nyufa, na siku hiyo alirudi nyumbani akiwa na furaha kama ya mtu aliyetoka arusini.

Jioni ile Cambridge niliketi kwenye viti vya mbao, karibu kabisa na kwaya. Watoto 16 katika kanzu nyekundu na nguo nyeupe juu yake. Idadi hiyohiyo iliwekwa na Henry VI kwenye kanuni za chuo chake. Mishumaa ilikuwa imewashwa. Waliimba wimbo wa Maria, "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana", ambao nimeuimba maisha yangu yote kwa Kiswahili. Walipokata, sauti haikukatika. Ilipanda, ikatandazwa na zile mbavu za mawe, ikarudi chini polepole upande wa mlangoni. Nilihesabu sekunde hadi sauti ilipozimika kabisa. Kisha nikalia, na sikujizuia.

Usiku nilimpigia Baba. Umri umekwenda, macho hayaoni vizuri, ila akili ni ileile.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Umekwenda?"

Nilimtumia picha. Mdogo wangu akamshikia simu karibu na uso. Nikamweleza habari za mfalme, za vita, za sanduku la fedha. Alinyamaza muda, nikadhani mtandao umekata.

"Kiunzi walikitoaje?" akauliza.

"Kiunzi kipi Baba?"

"Mbao za chini. Paa hilo kabla ya kile kifundo cha katikati kuingia haliwezi kujishika. Lazima kulikuwa na mbao. Mita 88 hizo, miti wangeipata wapi?"

Sikuwa na jibu. Ilinichukua wiki nzima kulitafuta, na nikalikuta kwenye mkataba wenyewe wa Wastell: alipewa mbao za jukwaa la mapana mawili tu, awe anazihamisha mbele kadiri kazi inavyokwenda, hadi paa lote liishe. Nikampigia tena.

"Mawili!" alisema, na nikamsikia akicheka peke yake kule Mkunazini. "Anamaliza moja, linajishika, anasogeza. Na sisi tulikuwa tukifanya hivyo hivyo." Kisha akamgeukia mdogo wangu, nikamsikia akimwambia amrudishie ile picha ya pembeni, pale upepeo unapoanzia ukutani.

"Ikuze," alisema. "Nataka nikione kiungo."